Mafuta ya Ngozi Kavu: Yalikotoka na Namna ya Kuyachagua



Katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumze na familia zetu juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mafuta ya kujipaka kwa mwenye ngozi kavu inayodhurika upesi. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa madrasa na mafuta ya kujipaka, wapi na wapi? Jibu ni kwamba jambo hili lilitujia darasani, na sisi wenyewe tulikosea ndani yake.

Ilikuwa kiangazi hapa Kigali, ile miezi ya Juni hadi Agosti ambapo mvua hukatika na vumbi hupanda. Tulikuwa na mwanafunzi wa miaka saba ambaye ghafla alianza kukimbia udhu. Wenzake wakipanga mstari penye maji, yeye hujificha. Tulidhani ni utundu, tukamgombeza mara mbili. Siku ya tatu tukamshika mikono, tukaona. Ngozi ya ndani ya viwiko ilikuwa imekakamaa na kupasuka, na penye mipasuko palikuwa na damu kidogo. Akasema, "Maalim, maji yananiuma." Tuliona haya, tukamwomba radhi mbele ya wenzake.

Tulimwita mama yake tukamshauri ampake mtoto mafuta ya zeituni asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa tunazijua fadhila za mti ule. Mama wa watu akajinyima, akayanunua. Baada ya wiki tatu hali ilikuwa mbaya zaidi. Akaenda sokoni, akauziwa kikopo kisicho na maandishi yoyote. Kwa siku nne tu ngozi ikawa safi kabisa, nasi sote tukafurahi. Kikopo kilipokwisha, ugonjwa ulirudi maradufu, na safari hii ngozi ilikuwa nyembamba na yenye mabaka meupe. Daktari wa ngozi aliyemwona mtoto alisema kwamba kikopo kile huenda kilitiwa dawa kali ya steroidi. Kuhusu zeituni naye alituambia neno lililotushangaza, tutakuja kulieleza.

Basi tukakaa tukasoma. Tulichokiona katika historia ya mafuta haya ni kwamba mara nyingi yalipoboreka, ni kwa sababu kuna kitu kilichopunguzwa ndani yake. Na mara nyingi yalipodhuru, ni kwa sababu kuna kitu kilichoongezwa. Mzazi akilishika hili, hatapotea dukani.

NTA, ZEITUNI NA MAJI YA WARIDI

Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutengeneza krimu ya ngozi ni Galen, ambaye katika vitabu vya Kiarabu anaitwa Jalinus. Alizaliwa mwaka 129 hivi mjini Pergamon, ambako leo ni Bergama nchini Uturuki, akawa tabibu mkubwa wa Roma. Aliyeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya zeituni, kisha akachanganya maji ya waridi. Mchanganyiko huo ukipakwa, yale maji hupaa polepole na ngozi huhisi ubaridi. Ndiyo maana hadi leo Wazungu huuita krimu ya baridi.

Krimu ya Galen ilikuwa na kasoro mbili. Maji na mafuta hayapatani, kwa hiyo baada ya muda yalitengana. Pili, mafuta yenyewe yaliharibika upesi na kutoa harufu mbaya. Ililazimu kutengenezwa kidogo kidogo na kutumiwa ingali mpya.

Mwaka 2003 wachimbaji wa mambo ya kale katika eneo la Southwark, London, walifukua kikopo cha bati kutoka mahali palipokuwa hekalu la Warumi, cha karne ya 2. Kilikuwa kimefungwa na kifuniko chake. Walipokifungua walikuta krimu nyeupe, na juu yake alama za vidole vya mtu aliyechota mara ya mwisho. Mwaka 2004 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Bristol walitangaza kilichokuwamo: mafuta ya mnyama, wanga, na unga mweupe unaotokana na bati. Mafuta ni ya kulainisha. Ule unga mweupe kazi yake ilikuwa kumfanya mpakaji aonekane mweupe. Kabla yake, wanawake wa Kirumi walijipaka unga mweupe wa madini ya risasi, ambao ni sumu. Basi tamaa ya kutafuta weupe ndani ya kopo la mafuta ni ya zamani mno, nayo ilianza na sumu.

VITABU VYA BAGHDAD NA CORDOBA

Vitabu vya Galen vilitufikia kwa kazi ya watu kama Hunayn ibn Ishaq, mfasiri Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873. Yeye na wanafunzi wake walivitia katika Kisiryani na Kiarabu. Neno letu la Kiswahili "marhamu" linatokana na Kiarabu hichohicho cha matabibu.

Huko Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30. Wengi wanamjua kwa upasuaji, lakini sehemu ya 19 aliiweka kwa ajili ya manukato na vipodozi, akiyahesabu kuwa ni tawi la tiba. Ibn Sina (980-1037) naye, katika kitabu cha nne cha Qanun yake, alitenga mahali pa kuzungumzia nywele na ngozi. Wazee wetu hao hawakuuona utunzaji wa ngozi kuwa ni upuuzi. Waliuweka mikononi mwa tabibu, kwa kuwa walijua kwamba kinachopakwa mwilini kinaweza kuponya na kinaweza kudhuru.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda Mali mwaka 1352. Huko aliona mti ambao mafuta yake watu walipikia, waliwashia taa na walijipaka mwilini. Wataalamu wengi wanasema ni mti wa shea. Ndugu zetu wa kaskazini ya Uganda wanaujua mti huo, maana aina yake ya mashariki inaota kwao, na mafuta yake ni laini zaidi kuliko ya Afrika Magharibi.

Kila nchi ilikuwa na yake. Hapa Rwanda, kama ilivyokuwa Burundi na Ankole, wafugaji walijipaka siagi ya ng'ombe. Congo walitumia mafuta ya kokwa za michikichi. Watu wa pwani walikuwa na nazi. Yote yalisaidia, na yote yalikuwa na udhaifu uleule wa krimu ya Galen: joto likizidi yanaharibika.

VIWANDA VINAINGIA

Mwaka 1779 mwanakemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipasha moto mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata kimiminika kitamu na kizito. Ndiyo gliserini tunayoiona katika vichupa vidogo madukani. Sifa yake ni kuvuta maji na kuyashika. Ukiipaka peke yake bila kuichanganya katika hewa kavu, inaweza kuyavuta maji ya ngozi yenyewe, ndiyo maana hufaa ikiwa ndani ya krimu au imechanganywa na maji.

Mwaka 1859 kijana wa Marekani aliyeitwa Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Pennsylvania, ambako petroli ilikuwa imeanza kuchimbwa kwa mashine. Aliwakuta wafanyakazi wakilaani uji mzito kama nta uliokwamisha vifaa vyao. Lakini watu haohao walipokatwa au kuungua, waliuchota na kujipaka jerahani. Chesebrough alibeba ule uji, akashughulika nao miaka mingi akiusafisha na kuuchuja hadi ukawa mweupe usio na harufu. Mwaka 1872 akapewa hati miliki, na akauita Vaseline. Ndio mama wa mafuta ya mgando tunayoyajua sote.

Tazama alichokifanya mtu huyu. Hakuongeza kitu, bali alitoa uchafu na harufu. Akabakiwa na mafuta ambayo hayaharibiki kwa joto na ambayo ni watu wachache sana yanawaletea mzio. Ubaya wake ni kunata tu, na kuchafua nguo.

Wakati huohuo Ujerumani, mwaka 1882, Otto Braun na Oscar Liebreich walifanikiwa kusafisha mafuta ya sufi ya kondoo, yakaitwa lanolini. Mafuta hayo yalijulikana tangu zama za Wagiriki, lakini yalinuka. Kutokana na lanolini, mwanakemia Isaac Lifschütz alipata kiungo kinachoyafunga maji na mafuta pamoja yasiachane, na mwaka 1911 mjini Hamburg krimu ya Nivea ikaanza kuuzwa. Kasoro ya kwanza ya Galen, ya maji na mafuta kutengana, ilikuwa imepata dawa. Hata hivyo, lanolini yenyewe huwawasha baadhi ya watu, hasa wenye pumu ya ngozi, na mwaka 2023 madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani waliitaja kuwa kileta mzio cha mwaka huo ili watu wakae macho.

KIPANDE CHA NGOZI NDANI YA MAFUTA

Kwa karne zote hizo watu walidhani kwamba ngozi kavu ni ngozi iliyokosa mafuta. Mwaka 1952 Irvin Blank, mtafiti wa Boston, alifanya jaribio ambalo hata mtoto anaweza kulielewa. Alichukua vipande vya ngozi ngumu iliyokauka, mfano wa sugu ya mguuni. Alipovitia ndani ya mafuta, vilibaki vikavu na kuvunjika. Alipovipa maji, vililainika.

Maana yake ni kwamba kinacholainisha ngozi ni maji. Mafuta ni kifuniko cha kuyazuia maji yasitoroke. Ukipaka mafuta mazito juu ya ngozi iliyokauka kabisa, umefunika sufuria tupu. Ukipaka ngozi ingali na unyevu, umefunika sufuria yenye maji ndani.

Miaka ya 1980 Peter Elias wa San Francisco alieleza zaidi. Tabaka la juu la ngozi, alisema, ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa, na udongo unaoyashika ni mafuta ya asili ya ngozi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, wakagundua kwamba baadhi ya watu wenye pumu ya ngozi huzaliwa na upungufu katika protini moja inayosaidia kuujenga ukuta huo. Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwanao akiwa na ngozi ya namna hii, usijilaumu kwamba ni uchafu, wala usiwasikilize wanaosema amerogwa. Ukuta wake una nyufa, na maji hutoka na viwasho huingia.

TUNARUDI KWENYE ZEITUNI

Sasa neno la yule daktari. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio la watafiti wa Sheffield, Uingereza. Watu wazima 19 walijipaka mafuta ya zeituni mikononi kwa wiki kadhaa, na wengine kati yao walilinganisha na mafuta ya alizeti. Zeituni ilidhoofisha ule ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo, hata kwa watu ambao hawajawahi kuwa na ugonjwa wa ngozi. Alizeti haikuudhuru. Sababu ni asidi ya oleiki iliyo nyingi katika zeituni, ambayo hulegeza udongo kati ya matofali.

Habari hii ilituelemea. Tunajua Qur'ani imeutaja mti huo kuwa wenye baraka, na ipo hadithi katika Tirmidhi na Ibn Majah inayohimiza kula mafuta yake na kujipaka. Hilo hatuliachi, na mwenye ngozi nzima ajipake kama anavyopenda. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliochukua maneno ya jumla tukayafanya dawa ya mtoto mgonjwa mwenye ngozi iliyopasuka, bila kumuuliza mjuzi wa ugonjwa. Tumemwambia hivyo mama yake, na tunawaambia nanyi.

Alizeti nayo ina historia yake. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, ambako watoto njiti walipakwa mafuta ya alizeti. Maambukizo ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41 yakilinganishwa na watoto wasiopakwa. Wale walikuwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ngozi yao haijakomaa, na walipakwa na wauguzi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi na mwenye ngozi nzima, habari ni nyingine. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, juu ya watoto wachanga 1,394, ulionyesha kwamba kumpaka mtoto krimu kila siku mwaka wa kwanza hakumkingi na pumu ya ngozi. Mafuta haya ni ya kuituliza ngozi kavu iliyokwisha kuwapo.

MKOROGO

Tulisema kinachodhuru mara nyingi ni kilichoongezwa. Wakati mwingine huongezwa kwa nia njema. Uingereza kulikuwa na krimu ya maji iliyoandikwa katika kitabu rasmi cha dawa, na madaktari waliwapa watoto wenye ngozi kavu kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na kiungo cha jamii ya sabuni cha kuyashika maji na mafuta. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kwamba kiungo hicho huwawasha watoto wengine, hasa ikiachwa ngozini.

Na huongezwa kwa tamaa. Kote katika nchi zetu tunalijua neno mkorogo. Humo hutiwa haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali. Zebaki huharibu figo, na mama aliyejipaka anaweza kumhamishia mtoto wake. Steroidi ikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Hapa Rwanda, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018, polisi na mamlaka zinazohusika waliingia madukani kuyaondoa mafuta hayo. Kimataifa, mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 uliyawekea krimu za zebaki ukomo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kupiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025.

Tusieleweke vibaya. Steroidi aliyoiandika daktari, kwa kipimo na kwa siku alizozitaja, ni dawa halali na imewasaidia wengi. Tunachokikataa ni ile iliyofichwa ndani ya kikopo kisicho na jina. Yule mama wa mwanafunzi wetu hakutafuta weupe. Alitafuta mwanawe alale usiku bila kujikuna, na akauziwa hiyohiyo.

NAMNA YA KUCHAGUA

Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya Uingereza iliyowagawa watoto 550 wenye pumu ya ngozi katika makundi manne: losheni, krimu, jeli na marhamu nzito. Baada ya wiki 16, hakuna aina iliyoishinda nyingine. Bora ni ile ambayo mtoto anaikubali na familia inaimudu. Hivyo ushauri wetu ni huu:

1. Tafuta yenye viungo vichache na isiyo na manukato. Harufu nzuri si dalili ya ubora kwa ngozi inayodhurika upesi.

2. Mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu yanatosha kabisa, na bei yake ni nafuu. Ngozi ikiwa kavu sana, au wakati wa kulala, mazito ni bora. Mchana, krimu isiyonata hufaa.

3. Usinunue kikopo kisichoandikwa viungo, mtengenezaji na tarehe. Kinachoahidi weupe kirudishe. Kinachoponya kila kitu kwa siku tatu kiogope.

4. Kabla ya kumpaka mtoto mwili mzima, jaribu mahali padogo mkononi kwa siku kadhaa.

5. Mwoge kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na sabuni kidogo. Mkaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha umpake ngozi ingali na unyevu.

6. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole. Na kwa kuwa nguo iliyolowa mafuta haya hushika moto haraka, mweke mtoto mbali na jiko na mshumaa.

7. Mipasuko ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wazazi wengi huuliza juu ya udhu, wakihofia mafuta mazito kuzuia maji. Njia nyepesi ni kupaka baada ya udhu badala ya kabla yake. Ngozi huwa na unyevu wakati ule, na ndio wakati ambao jaribio la mwaka 1952 linatuelekeza kupaka.

Tulifanya hivyo darasani. Tuliweka kopo la mafuta ya mgando na kijiko chake penye maji, na kila alipomaliza kutia udhu kwa maji ya vuguvugu, yule mtoto alijipaka mwenyewe. Hakupona kabisa, maana ugonjwa huu huja na kuondoka, na bado anaonwa na daktari. Lakini siku hizi hajifichi tena. Anasimama mstarini na wenzake, na akimaliza hutuletea kopo ili tulifunike.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum.